Mayai ya Mwamba wa Wilmer

Jumatatu, 27 Machi

Barafu bado imeng'ang'ania ziwa na mimi kiti hakinishiki. Leo nimeinuka mara kumi na nne kuchungulia mtungi. Najua ni kumi na nne kwa sababu goti limelalamika kila mara.

Mtungi uko kibarazani, kwenye baridi, kama alivyoagiza Lyle. Lyle ni mtoto wa shemeji yangu, na ndiye ofisi nzima ya samaki hapa kijijini. Mkubwa yeye, karani yeye, mfagizi yeye. Novemba alikamua mayai ya adikameg, samaki wetu mweupe. Majike walioingia nyavuni walikuwa wanne. Wanne, ziwa zima! Enzi za mume wangu Wilmer tulikuwa tunachoka kuhesabu kabla ya chai.

Mayai kayagawa mitungi miwili ya kioo, kama elfu moja kila mtungi. Mmoja kwangu, kwa ajili ya ghuba yangu, penye mwamba alipokuwa akitega nyavu marehemu Wilmer. Mwingine kwa wifi yangu Hildred, dada yake Wilmer, kwa ajili ya ghuba yake ng'ambo ya rasi. Kila siku unateka maji mapya kwenye tundu la barafu na kuokota mayai yaliyokufa. Yai likifa linageuka jeupe, kama jicho la mzee. Barafu ikiondoka mwishoni mwa Aprili, vifaranga watatoka na kila mtu atawaachia ghuba yake.

Samaki huyu hurudi kutaga pale alipoonja maji ya kwanza. Mwambani kwa Wilmer hakijaonekana kifaranga mwaka wa sita huu. Hawa wakifa, basi. Hilo nimelielewa bila kwenda shule.

Hildred kapiga simu kuuliza kama mayai yangu yameshatoa macho. Nikamwambia yametoa tangu Februari na yanamshangaa yeye.

Jumatano, 29 Machi

Nimekwenda kupeleleza. Nimebeba chupa ya shira ya mti kama kisingizio. Shira yenyewe ya mwaka juzi.

Mtungi wa Hildred unang'aa. Kaokota mayai mafu thelathini tu tangu Novemba. Mimi mia na kumi. Tena kauweka kibarazani chini ya picha ya Wilmer, eti kaka yake awaangalie. Nikamwambia Wilmer alikuwa mume wangu miaka arobaini na mitatu. Akasema alikuwa kaka yake kabla mimi sijajua kufunga viatu. Nimeirudisha shira nyumbani.

Njiani nimefikiri sana. Kuku analalia mayai yake kwa joto. Mimi nimelea watoto sita, wote karibu na jiko, hakuna aliyegandishwa kibarazani. Lyle anataka maji baridi mpaka vidole vikatike. Lyle hana mtoto hata mmoja.

Mtungi nimeuingiza ndani. Hatua tatu kutoka jiko la kuni. Hildred akija kuachia wake, wangu watakuwa na masharubu.

Alhamisi, 30 Machi

Mayai yanacheza. Yanageuka geuka kama watu waliokosa mto mzuri. Nimesogeza mtungi hatua moja zaidi.

Ijumaa, 31 Machi

Wametoka! Nilikuwa nakaanga mkate, nikageuka, maji yamejaa vijiuzi vyenye macho mawili. Kila kimoja kina kifuko cha kiini tumboni, kama mfuko wa safari. Mkate umeungua. Sijali.

Simu ya kwanza si kwa Lyle. Kwa Hildred. Nikamwambia njoo uone wenye kujua kulea. Akaja na buti za theluji, hata hakuzivua. Akainama kwenye mtungi, akachungulia mpaka nikaanza kufurahi. Kisha akauliza, polepole, kama anauliza bei ya kiazi, "Wifi, hawa watakula nini?"

Nikasema watakula watakachopewa.

Akasema vidudu vya maji haviinuki mpaka barafu iondoke na jua lipashe ufukwe. Leo ni Machi. Nje kuna barafu ya kubeba gari. Akasema, "Umewaita karamuni, wifi, na jikoni hata moto haujawashwa."

Nikamwambia ni wivu. Akachukua kipande cha mkate kisichoungua, akaondoka.

Jumapili, 2 Aprili

Vifuko vinapungua. Joto linawatia njaa, inaonekana.

Jana nilichemsha yai la kuku, nikachuja kiini kwa soksi ndefu ya kanisani. Hawakula. Maji yakawa uji. Leo asubuhi nimewaokota waliokufa mpaka nikaacha kuhesabu, halafu nikaenda kanisani bila soksi.

Baada ya misa nikafikiri: kama vidudu haviji, nitavifuata. Nimekaa kwenye tundu la barafu kwa muda wa saa nne, nikichota maji kwa kopo na kuchuja kwa ile soksi nyingine. Maji ni safi mno, naona changarawe za chini kabisa. Zamani ningejivuna. Lyle alishatuambia ni wale kome wageni waliotapakaa chini, wanachuja ziwa mchana kutwa na kumeza kila kitu kidogo, na usafi ule ni wa sahani iliyorambwa. Nilimwambia kijana, sahani chafu sijawahi kuipenda. Leo nilikuwa naitafuta.

Nimepata vidudu vitatu. Kimoja kilikuwa jivu la kiko changu.

Jumanne, 4 Aprili

Hildred kanichongea. Amesema hajanichongea, amesema aliulizwa. Ni yaleyale.

Lyle akaja saa tatu bila taarifa. Kwa bahati nililiona gari lake kwenye kona. Mtungi wa vifaranga nikausukuma chini ya kitanda. Kibarazani nikaweka mtungi wa achari, maji ndani, na pakiti nzima ya tapioka, zile punje nyeupe za kupikia pudini. Hakuna punje yenye jicho, lakini nikawaza Lyle naye miwani yake ni ya zamani.

Akauinua kwenye mwanga. Akatazama. Akasema, "Mama mkubwa, haya mayai yanavimba."

Nikasema yanakula vizuri.

Akasema mayai hayali. Akachovya kidole, akalamba. Akauweka mtungi chini kwa adabu sana, akaniuliza kama nina vanila. Sijawahi kuaibishwa hivyo na mtu niliyembadilisha nepi.

Nikamtolea mtungi wa chini ya kitanda. Amehesabu mara mbili. Kati ya mia nane na kitu, wamebaki kumi na tisa, nao wanaogelea kiubavu. Nilimngoja anigombeze. Hakunigombeza. Kasema tu kwamba majike walikuwa wanne na hana mayai mengine ya kunipa, na Novemba ijayo hajui kama ataona hata hao wanne. Akanywa chai bila sukari kwa sababu nilisahau kumpa.

Alhamisi, 6 Aprili

Hakuna aliyebaki. Nimewapeleka kwenye tundu la barafu, usawa wa mwamba wa Wilmer, nikawamimina na tumbaku kidogo, sadaka yetu kwa ziwa. Baridi ilikuwa kali, macho yakatoa maji.

Jumamosi, 8 Aprili

Hildred kaja. Nikamwambia kama amekuja kucheka, acheke akiwa amesimama, viti vimejaa nguo. Akasukuma nguo, akakaa.

Akasema nusu ya mtungi wake itakwenda mwambani kwa Wilmer. Vifaranga mia nne na zaidi. Nikauliza anataka nini. Akasema hataki kitu, hanipi mimi, anampa kaka yake. Ila nimtekee maji kila siku mpaka barafu iondoke, kwa sababu mgongo wake umekataa ndoo, na mayai hayo nisiyaguse, nisiyapulizie, nisiyasemeshe.

Nikamwambia nitafikiri. Kabla hajafika getini nilikuwa nimeshachukua ndoo.

Jumatano, 12 Aprili

Siku ya tano ya kuteka. Vidole vimekatika kama alivyotaka Lyle. Hildred anapima maji kwa kipimajoto kama nesi. Mayai yake yametulia, macho meusi, yanangoja. Hayana haraka hata kidogo. Sijui anawezaje kuishi na viumbe hao.

Jumatano, 19 Aprili

Hildred amekwenda mjini kwa daktari wa macho, atarudi kesho. Lyle yuko kwenye nyavu. Ufunguo nimeachiwa mimi. Hildred alipoingia garini aliteremsha kioo na kuniambia, "Wifi, usifanye kitu. Ukijisikia kufanya kitu, kalia mikono yako."

Nimekalia mikono tangu asubuhi. Imekufa ganzi yote miwili.

Barafu imeanza kupasuka, naisikia kutoka jikoni kwake. Siku chache tu zimebaki. Nimetazama mayai na yanaonekana baridi, hata coyote, mbwa mwitu wa huku, angeyahurumia. Na kosa la mara ile nimeshaligundua. Ni kuni. Nilichoma mbetula, na mbetula una moto wa hasira. Hildred ana hita ya umeme, mpole kabisa, moto wake ni kama pumzi ya mtoto. Tena sasa ni Aprili, si Machi. Mimi si mjinga wa kurudia jambo lilelile.

Mali ya mtu sigusi. Nimechukua kijiko cha supu nikahesabu nusu, nusu ya Wilmer, nikaiweka kwenye bakuli pana, na bakuli nimeliweka mbele ya hita. Saa moja tu, labda mbili. Nusu ya Hildred nimeiacha hukohuko kibarazani igande, na kesho akirudi ataona mwenyewe nani anajua kulea.