Siku Kijiwe Kilipoota Kope

Chanzo cha yote ni redio ya Mashine, kinyozi. Saa nane mchana daktari mmoja alikuwa akizungumza humo kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Alisema binadamu ana kope mia na zaidi juu ya kila jicho, na chini kama themanini hivi. Kila ukope huishi miezi michache, ukianguka unaota mwingine. Hapo hakuna aliyeshtuka. Ila aliposema kwamba kwenye mashina ya kope za watu wengi vinaishi vidudu visivyoonekana kwa macho, benchi zima liliweka vikombe chini.

"Yaani nina watu wanaishi jichoni kwangu na hawajawahi kunisalimia?" Mashine akauliza.

"Wapangaji hao," alijibu Rufaa. "Na mpangaji aliyekaa miaka hamsini humtoi bila notisi."

Rufaa alikuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini. Alibeba mafaili asiyoyasoma, lakini sheria aliyorudi nayo nyumbani hakimu hana. Walibishana kama vidudu hivyo vinalala mchana au usiku, na kama mtu akilia vinazama. Birika, muuza kahawa, alisema vyake vitakuwa vimeshakufa kwa moshi zamani, akaendelea kupepea jiko kwa kipande chake cha katoni.

Cheche hakucheka. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia imemfika puani. Huyu ndiye fundi wa kuchomelea mageti, mtu ambaye kwa kawaida hucheka kabla mzaha haujaisha. Daktari alipofika pale pa kusema kwamba ukope ni mlinzi, vumbi likigusa ncha tu jicho linajifumba kabla mwenyewe hajajua, Cheche akashusha pumzi ndefu.

"Na walinzi wakiungua wote?" aliuliza, akavua kofia.

Kope hakuna. Juu peupe, chini peupe. Macho yalikuwa yanatazama kama ya samaki sokoni.

Aliwaeleza kwa ufupi, maana aibu haina maneno mengi. Asubuhi aliwasha moto wa gesi kukata chuma, akainama, moto ukamrukia. Jicho lilijifumba kwa wakati, ndiyo maana anaona. Kope zilibaki nje.

"Miwani ya kuchomelea si unayo?" Mashine akasema.

Wote wakageuka kumtazama Birika. Miwani ilikuwa usoni kwake, nyeusi tii. Wiki tatu nyuma moshi ulikuwa unamliza mpaka machozi yanadondokea kwenye birika, wateja wakaanza kusema kahawa ina chumvi. Cheche akamwazima kwa siku moja. Siku hiyo moja ilikuwa haijaisha. Tangu hapo Birika alikuwa anamimina kahawa kwa kusikiliza.

Sasa ubaya wa habari ni huu. Mama Pacha, mke wa Cheche, alikuwa anarudi saa kumi kutoka kwa dada yake aliyejifungua. Miwani ile aliinunua yeye. Na siku ya kuondoka aliapa mbele ya watoto: akimkuta mumewe amechomelea bila miwani, karakana inafungwa, na Cheche anakwenda kupima misumari dukani kwa kaka yake. Shemeji huyo ni mdogo kwa Cheche kwa miaka tisa na humwita "kijana". Cheche alisema bora aungue tena.

"Tulia," Rufaa akamwambia. "Kosa haliwi kosa mpaka liwe na ushahidi. Ushahidi ni kope. Zikiwepo, hakuna kesi."

Mashine akatazama nywele alizofagia asubuhi. Cheche akamwambia asithubutu hata kuwaza.

Ndipo walipovuka kwenda saluni ya jirani. Msusi alizikagua zile kope zisizokuwepo, akasema za asili zitarudi baada ya wiki sita, pengine miezi. Za kubandika alikuwa amebakiwa na za maharusi tu, ndefu. Akabandika. Cheche alipofumbua macho, kalenda ya ukutani ilitikisika.

"Atajua," akasema.

"Atajua kwa sababu uko peke yako," Rufaa akamjibu. "Kifo cha wengi harusi. Tukiwa nazo wote, ni mtindo wa mjini. Dada, zimebaki ngapi?"

Zilikuwa zimebaki jozi mbili. Mashine alikataa, kisha akakumbuka ni nani aliyemtengenezea kiti cha kunyolea bila kumdai hata senti, akakaa. Birika yeye alisema jiko haliwezi kuachwa.

Saa kumi kasoro walikuwa wamejipanga benchini, watu wazima watatu, wanapepesa. Redioni daktari akawa anamalizia: ukope mzuri hauzidi theluthi ya upana wa jicho. Ukizidi hapo, badala ya kuzuia upepo unauvutia ndani na jicho linakauka. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu upepo wenyewe ulikuwa umeshaanza. Macho yakawasha, machozi yakachuruzika. Kila aliyepepesa kujisaidia alizidi kujipulizia.

Mama Pacha akatokea kwenye kona, begi begani. Aliona wanaume watatu wanalia kimyakimya. Begi likamponyoka.

"Nani amefariki?"

"Hakuna, shemeji," Rufaa alisema, akijifuta. "Karibu. Tunapunga upepo tu."

Akasogea. Akamwangalia Rufaa, akamwangalia Mashine, akamwangalia mumewe kwa muda mrefu kuliko wote. Cheche alihisi misumari ya shemeji ikimwagika mizanini.

"Kati yenu," akauliza polepole, "ni nani aliyeungua?"

Ukope mmoja wa Mashine ukabanduka, ukaangukia kwenye kikombe.

Mama Pacha alikwenda kwa Birika, akamvua ile miwani taratibu, kama anayemvua mtoto kofia. Chini yake kulikuwa na kope nzima, nyeusi, za mtu anayelindwa vizuri. Birika alikuwa anaona mwanga mara ya kwanza baada ya wiki tatu; akagundua birika lake lina tundu.

"Nilikuogopea wewe," Mama Pacha akamwambia mumewe. "Kule kwa dada nilikuwa silali."

Cheche alitaka kusema samahani. Machozi yalikuwa yameshamtangulia, na safari hii hayakuwa ya upepo.

"Karakana haifungwi," mama akaendelea. "Ila kesho anayechomelea ni huyu mwenye kope. Wewe utakaa hapa, uchemshe kahawa, mpaka zako ziote."

Birika akavaa miwani tena, akasimama, akachukua kile kipande cha katoni na kukitia kwapani.

"Moto nakuachia," akamwambia Cheche. "Katoni naondoka nayo. Wewe pepesa tu, jiko litawaka."