Nilivyoitafuta Baiskeli ya Baba Mkwe kwa Kiingereza

Jamani, leo nimeaibika, tena mchana kweupe, mbele ya wakwe! Kaeni niwaeleze kabla hamjaisikia sokoni, hapa mtaani kwetu Kenya, ikiwa imeongezwa chumvi.

Mnajua namtaka Veronika. Mnajua pia baba yake, Baba Gasparo, mwaka mzima ananiambia "tutaona". Basi jana jioni mzee kaja kwangu mwenyewe, kwa miguu, jasho linamtoka.

"Weye, si ulikalaka Ndola?" akaniuliza. "Unajua Kingereza?"

"Sana, Baba!" (Ndola nilikaa miezi mitatu, nafagia duka la Mhindi. Kiingereza nilichokisikia zaidi ni kufukuzwa mlangoni.)

Akanieleza. Siku hizi barabara ya Kasungami ina kizuizi cha wale askari wageni wa kofia za buluu. Walimwambia aegeshe baiskeli kwenye mapipa, aingie kibandani waangalie karatasi zake. Kutoka, hakuna baiskeli. Akalalamika kwa Kiswahili, akalalamika kwa Kifaransa, kumbe wao wanajua Kiingereza tu.

"Kama unairudisha kinga yangu," akasema, "njo tutaongea mambo ya Veronika."

Kinga ndiyo baiskeli, na baiskeli ndiyo mke! Sikulala. Nikaazima kamusi kwa mwalimu jirani, nikaandika kwenye karatasi maneno yote ya Kiingereza ya kitu kisichokuwepo tena. Kumbe Waingereza wanayo mengi! Disappear, hakionekani. Vanish, kimeyeyuka kama moshi. Fade, kimefifia kama kitenge cha bei nafuu. Perish, kimekufa. Extinct, kimekwisha duniani, hata mbegu haikubaki. Nikaona hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Tangu jimbo letu hili lijitenge na kujiita nchi, sukari inapotea, sabuni inapotea, nani atashtuka kusikia "disappear"?

Asubuhi hii tukaenda, mimi mbele na tai shingoni, mzee nyuma. Kizuizini tukamkuta askari mrefu mwenye masharubu, mpole kabisa. Nikakohoa.

"Sir! Bicycle of father. Vanish!"

"Vanished?" akauliza.

Alinielewa! Nikamtazama mzee, mzee akatikisa kichwa kwa fahari. Hapo ningenyamaza ningekuwa mtu. Lakini karatasi ilikuwa na maneno mengine, na mimi nilikuwa nimeyakeshea.

"Vanish! Fade! Father, perish! Extinct!"

Askari akavua kofia. Akaiweka kifuani, akainamisha kichwa.

"Anafanya nini?" mzee akaninong'oneza.

"Anakupa pole, Baba."

"Pole ya kinga?"

"Ni watu wa heshima sana, Baba." (Ningesema nini? Kwamba nimemwua akiwa amesimama hapo?)

Nikiwa bado natafuta neno la kumfufua mzee, nikainua macho barabarani. Mama Monika! Mama yake Veronika, anatoka shambani Kasungami, yuko hatua ishirini!

Nanyi mnajua miiko ya bukwe. Mahari haijaisha, hamwonani uso kwa uso na mama mkwe. Ukimwona njiani unaingia majanini, basi. Majani yako wapi pale? Askari wameyafyeka yote! Hakuna mti, hakuna ukuta. Kulikuwa na shimo moja tu, limezungushiwa magunia ya mchanga.

Nikaruka.

Ndani kulikuwa na askari mwingine anakula maharage yake. Sikumwona. Nilimwangukia mapajani, na sahani ikanimwagikia tai. Akapiga yowe, nikapiga yowe, nikasikia bunduki zinakokiwa huko juu. Nikainua mikono. Hata jina langu kwa wakati ule nilikuwa silijui.

Halafu nikasikia sauti ya Mama Monika. Alikuwa ametupa mgongo, uso kaufunika kwa kitenge, anaongea na mumewe tu, maana na mimi hawezi.

"Ambia ule mutoto atoke mu shimo. Asikufe bure."

Nikatolewa kwa kola, ninachuruzika maharage. Ndipo nikaona kilichokuwa kimeegemea kiuno cha mama. Baiskeli! Ya mzee! Ina magunia mawili ya mihogo. Nilimwona mama, nikaruka, sikuona anachosukuma.

"Weye ndiye ulibeba kinga?" mzee akafoka.

"Jana niliiona ku mapipa," mama akajibu bila kugeuka. "Nikasema, bwana yangu amenionea huruma, ameniachia ya kubebea mihogo. Nikaenda nayo ku shamba, nikalala kule. Ilikuwa inapotea wapi?"

Yule wa masharubu akaitazama baiskeli, akamtazama mzee aliye hai, akanitazama mimi.

"Extinct?" akauliza taratibu.

Askari wote wakaangua kicheko. Mzee hajui Kiingereza, ila kicheko anakijua. "Basi uliwaambia nini hawa basoda?" akaniuliza akiwaonyesha askari, na nikaona kabisa Veronika anaondoka mkononi mwangu. Nilitaka kulia, sisemi uongo.

Mama Monika ndiye aliyeniokoa, bado ametupa mgongo.

"Baba Gasparo, wacha. Ule mutoto aliona bunduki, aliniona mimi, akaogopa mimi. Mukwe wa heshima vile nitamupata wapi tena? Mupe Veronika."

Mzee akaguna. Akaguna tena. Mwishowe akasema, "Jumapili alete bakubwa bake, tuongee mahari."

"Lakini ameniona," mama akaongeza. "Alete na kuku wa kufuta haya ya kuonana."

Ndugu zangu, Jumapili ndiyo keshokutwa, na soko zima halina hata unyoya. Kwa hiyo sikatazi mtu kucheka, ila acheke akiwa na kuku mkononi.