Selo ya Pete Tano

Jamaldine Assane hakuwa mwizi. Mwizi huingia dirishani. Jamaldine aliingia mlangoni, akakaribishwa na kuletewa kiti. Mwaka ule gesi ilipogunduliwa baharini, Palma nzima ilishikwa na homa ya utajiri, naye akafika kutoka mji wa Pemba na koti na miwani ya jua, tayari kuwauguza wagonjwa.

Alifikia pensão, nyumba moja ndogo ya wageni karibu na ghuba ya Tungue. Asubuhi ya kwanza alimkuta mezani mgeni mwenzake, senhor Anselmo, Mreno mzee, mtaalamu wa miamba, ameinamia albamu huku chai yake ikipoa.

"Unakusanya stempu, senhor?"

"Stempu?" Mzee aling'aka kama aliyetukanwa. "Hivi ni vibandiko vya Olimpiki! Zamani watu walivinunua kuchangia nauli ya wanariadha wao. Unabandika kwenye bahasha kwa urembo tu. Posta haivitambui. Havina kazi yoyote."

"Na unavipenda?"

"Nimeshavuka bahari kwa ajili ya kimoja."

Moyo wa Jamaldine ukaruka. Karatasi isiyo na kazi yoyote, na mtu mzima anaihangaikia! Akaisifia albamu mpaka mzee akalainika, akampa bahasha ya vibandiko vya ziada, vyote vya aina moja: mkimbiaji mwenye mwenge, na juu yake pete tano.

Kufika adhuhuri, pete tano zilishakuwa visima vitano vya gesi.

"Hii ni selo, stempu ya gesi," alimnong'oneza Atija, mpishi wa pensão. "Ibandike mlangoni kwako. Kampuni ikija kugawa, itaanzia kwenye milango yenye selo."

"Na huyu anayekimbia?"

"Huyo ndiye anakuletea hela."

Atija akalipa sahani ya pweza wa nazi. Majirani zake wakalipa kuku. Custódio, mwenye duka kubwa, alikuja mwenyewe na pikipiki yake mpya, akitoka jasho la tamaa.

"Nipe zote zilizobaki."

"Senhor Custódio, ukichukua zote, wenzako watabandika nini?"

"Ndiyo maana nazitaka zote."

Jamaldine alihuzunika kidogo, kama inavyompasa mtu mwenye huruma, kisha akapokea ufunguo wa pikipiki.

Siku iliyofuata Atija alikuwa anafuta meza, akaiona selo yake ndani ya albamu. Akauliza. Senhor Anselmo, ambaye hajawahi kuulizwa na mtu kwa hiari yake, alimweleza mpaka wali ukaungua jikoni. Atija akarudi kwenye sufuria yake na aibu, kisha hasira, maana yule pweza alikuwa mkubwa. Halafu akaanza kucheka peke yake.

Jioni alimpelekea Jamaldine chai.

"Kaka, hivi selo yangu ina kasoro? Senhor Anselmo ameiona mlangoni kwangu, akakaa chini mchangani."

"Akakaa chini?"

"Anasema mkimbiaji wangu anakimbilia kushoto. Ati ni ya pekee duniani. Anataka kunipa boti na injini yake. Nimekataa. Kampuni ikija na gesi ikute mlango mtupu?"

Jamaldine alimeza chai ya moto bila kuhisi. Kumwambia kwamba selo ni ya uongo hawezi. Kumpa nyingine hana, zote ziko kwa Custódio.

"Niuzie mimi, dada. Nakurudishia kuku wote."

"Kuku nitawarudishia wenyewe. Na mimi je?"

Walivutana mpaka chai ikaisha. Mwishowe Atija alibandua selo kwa mvuke wa birika, akamkabidhi, akachukua ufunguo wa pikipiki.

Jamaldine alimkimbilia mzee. Senhor Anselmo akaichungulia kwa kioo cha kukuzia.

"Mbona hii nilikupa mimi?"

"Lakini anakimbilia kushoto!"

Mzee akafungua albamu. "Wote wanakimbilia kushoto, mwanangu."

Kweli. Jamaldine alikuwa ameuza mzigo mzima bila kuitazama hata selo moja. Macho yake siku zote yalikuwa kwenye mkono wa mnunuzi.

Kuku waliporudi makwao, habari zilirudi nao. Custódio, aliyekuwa amebandika selo mpaka akaziba tundu la kufuli, alisikia akiwa bado nje ya duka lake mwenyewe, akaokota nondo. Jamaldine hakungoja kuaga. Akashika barabara ya Pundanhar kwa miguu.

Hakufika mbali, akasikia pikipiki nyuma yake. Ni Atija. Custódio alikuwa ameanza kuuliza pikipiki yake iko wapi, na Atija akaona ni siku nzuri ya kwenda kumsalimia mama yake.

"Dada, nibebe!"

"Nauli?"

Jamaldine akavua miwani. Atija akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akaridhika. Wakaondoka kwa kishindo, vumbi likiwafunika, mpaka katikati ya pori pikipiki ikakohoa, ikasita, ikazimika. Wakalitikisa tangi. Kavu.

Wilaya nzima ilikuwa imekalia gesi ya kuwashia dunia, na wao walikosa chupa moja ya petroli.

Jamaldine aligeuka kuteremka, akatazama walikotoka. Kwa mbali palikuwa na vumbi jingine, linakuja.

"Sukuma, kaka," alisema Atija, bila kushuka.

Akasukuma.