Siku Ishirini na Saba Kutoka Bruxelles

Jumapili, 2 Agosti 1953
Base ya Kamina, kambi ya ndege za jeshi. Mwaka wa tatu nasukuma toroli la zege kwenye uwanja wa ndege. Mke wangu Kabedi yuko Kongolo na mtoto nisiyemjua hata sura. Ruhusa ya kwenda nyumbani huitoa mtu mmoja tu, mkaguzi wa Bruxelles. Habari njema! Anapanda ndege kuja huku kesho asubuhi. Barua yangu tayari. Lakini Gaston, ninayelala naye chumba kimoja, naye ana barua. Anakoroma. Lazima nimtangulie: wa kwanza ndiye husikilizwa.

Jumatatu, 3 Agosti
Nimemwuliza karani Ézéchias, Mmetodisti, ndege itafika lini. Anasema kilometa karibu elfu saba, saa ishirini na tatu angani, vituo viwili: itatua kesho jioni. Tai ya shingoni imemkaba akili. Nikaomba ramani yake. Luena, stesheni ya makaa ya mawe, haimo! Nikaitia kwa penseli, upana wa kucha juu ya Kamina, upande wa Bruxelles. Treni hadi Luena, siku moja. Kamina hadi Bruxelles, kwa kamba, kucha thelathini na moja, yaani siku thelathini na moja. Ndege haina kona: toa tano. Ongeza siku ya kupakia makaa Luena. Jumla, siku ishirini na saba. Ézéchias akashika tumbo kwa kicheko: "Ee, weye! Luena iko kusini! Na ndeke iko nakula makaa?" Gaston nimempa hesabu ya karani, akasimame juani bure.

Jumanne, 4 Agosti
Gaston yuko uwanjani tangu kazi iishe, shati limepigwa pasi. Maskini. Mimi nimefua langu la pekee, nikalala.
Baadaye. Makelele! Imetua. Nimekimbia na blanketi kiunoni. Kapita wetu, msimamizi wa kazi Mbuyu, kanizuia: "Unaenda kwa bakubwa na blanketi?" Kwa mbali nimeona Gaston anashikwa mkono na mkaguzi. Ruhusa, miezi miwili!

Jumatano, 5 Agosti
Gaston amenishukuru mbele ya kambi nzima. "Aksanti, yaya, kaka yangu. Bila weye ningelala." Wote wamepiga makofi. Nami pia, ningefanyaje?
Mbuyu ametangaza kwamba mkaguzi atapokea barua zote zilizobaki Ijumaa asubuhi, ofisini, kisha ataruka kurudi Bruxelles. Foleni itakuwa ya watu arobaini. Si mimi. Hesabu yangu ilikuwa sawa, upepo tu ulimsukuma. Akirudi atapambana nao, na lazima asimame Luena kwa makaa.

Ijumaa, 7 Agosti
Luena. Nimekuja kwa treni ya jana, bila kuaga. Hakuna foleni. Nimekaa kando ya rundo la makaa, shati kavu, barua mkononi. Mkuu wa stesheni kaniuliza nangoja treni gani. Nikamwambia nangoja ndege. Kaondoka polepole, akigeuka geuka.
Jua linazama. Bado. Bila shaka wameisimamisha njiani, ipishe treni ya mizigo.