Breki Mpya za Baiskeli ya Wamboi

Jumatatu, 9 Juni
Binti yangu Beth amepiga simu kutoka Membley. Amesikia niligonga lango la kanisa kwa baiskeli. Nani huyo mwenye mdomo? Jumamosi anakuja hapa Landless kuona kama baiskeli inasimama. Isiposimama, itauzwa kama chuma kikuukuu. Chuma kikuukuu! Mama yake, Wamboi, tuliyemzika Februari, alikuwa akiketi kwenye keria yake ya nyuma tangu tuoane. Nikamwambia aje tu aone. Kisha nikaijaribu tena mteremkoni. Haisimami.

Nimekumbuka jambo. Tukiteremka, Wamboi alikuwa akiburuta kiatu chini. Cha kushoto kiliisha kila mara kabla ya cha kulia. Nilidhani ni mwendo wake. Kumbe breki ilikuwa yeye.

Jumanne, 10 Juni
Fundi anasema ninunue mipira mipya ya breki, basi. Mipira tu! Beth ataona nini hapo?

Jirani yangu Gachau ana baiskeli ya kisasa. Hupita mlangoni kwangu akifunga breki makusudi. Anasema zangu za fito, zinazokandamiza mipira chini ya rimu, ni za enzi ya mkoloni. Zake zina waya, na hubana rimu pande zote mbili. Nikamwambia hata yeye ni wa enzi hizo. Akajibu kwamba angebadilishwa, ila vipuri vyake havipatikani. Ana breki za waya za ziada, na atanipa.

Alhamisi, 12 Juni
Tumefunga! Gachau alishika spana, mimi nilitoa ushauri. Tuliipindua baiskeli, kiti chini, magurudumu juu. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, nikabana. Tuli! Tukapeana mikono. Fito za zamani nimezichomeka shambani zishikilie nyanya. Kazi kwisha.

Jumamosi, 14 Juni
Wuui.

Beth alisimama chini ya mteremko, mikono kifuani. Nikateremka. Nikabana. Rimu zangu zina ubavu wa mviringo, na mipira ya breki za waya inataka ubavu bapa. Hayo niliyajua nikiwa katikati ya mteremko. Mipira iliteleza kama sabuni ndani ya karai. Gachau alikuwa akipiga kelele, “Bana, Baba Beth, bana!” Nilikuwa nimebana hadi meno. Mwishowe nilisimama. Kwenye mlango wa gari la Beth.

Gari hakuliangalia. Alinipangusa goti, akasema mwaka huu amezika mzazi mmoja na hana nguvu ya kuzika mwingine. Alipoinuka aliniachia baiskeli, ila aliniapisha mbele ya Gachau: nisikanyage pedali tena. Niisukume tu.

Jumapili, 15 Juni
Nimeisukuma hadi kanisani, Biblia kwenye keria. Kila mtu ananipa pole akidhani nina pancha. Kilima cha kurudi kilitaka kunitoa roho. Gachau alinisindikiza akicheka, kisha akanieleza habari ya injini ndogo ya pampu ya maji. Ni ya shemeji yake, na haina kazi. Anasema inaweza kufungwa juu ya gurudumu la mbele.

Nimekitafakari kiapo changu kwa unyenyekevu, kama Mkristo. Injini haina pedali.

Nitampigia Beth simu ikishafungwa, asiwe na wasiwasi.