Wanafunzi Watano Wenye Huzuni

Ofisi ya Ustawi wa Wanafunzi ina fahari kubwa kutangaza kwamba huzuni, jambo ambalo kwa miaka mingi lilijiendea tu ovyo, sasa lina utaratibu. Waraka ulitufikia Isiolo Jumatatu saa nne asubuhi ukiwa na mihuri miwili. Utafiti ulikuwa umeonyesha kwamba mwanafunzi mmoja katika kila mia ana msongo wa mawazo. Kwa hiyo shule yenye wanafunzi mia tano ingetoa watano, si wanne wala sita, kabla ya Ijumaa, siku ambayo Mkurugenzi mwenyewe angetoka Nairobi kuja kuwaona.

Mimi, Hezekiah Gathogo, Afisa Msaidizi wa Ustawi, nilikabidhiwa shule moja iliyopakana na soko la mifugo. Nilifurahi. Nimetumikia serikali miaka kumi na tisa na sijawahi kupewa kazi yenye idadi iliyo wazi namna hiyo.

Jumanne nilisimama mbele ya paredi.

"Nani hapa ana msongo wa mawazo? Ainue mkono."

Waliojibu ni mbuzi wa sokoni.

Mwalimu mkuu, Bwana Wako, akanisogelea. "Wanaogopa," akaninong'oneza. "Hapa mtu akiinua mkono kawaida anatumwa maji."

Nikatumia mbinu shirikishi. Nikaeleza kwamba watakaoteuliwa watapewa soda na mandazi siku ya Ijumaa. Shule nzima ikainua mkono. Watoto wa chekechea waliinua yote miwili.

Hilo lilikuwa ongezeko lisilokubalika kitakwimu. Ilibidi niwahoji, mmoja mmoja, kwa siku mbili.

"Tatizo lako nini?" nilimuuliza Adan wa Gredi ya Nne.

"Niko na stress."

"Ya nini?"

"Ya soda."

"Hiyo si stress. Hiyo ni kiu."

"Basi andika kiu."

"Fomu haina kiu."

Akafuata Nakuam, akasema wanakaa wanne kwenye dawati la watu wawili, na akitaka kuandika lazima yule wa mwisho asimame. Nilimweleza kwa upole kwamba hayo ni mazingira ya kujifunzia, na yana fomu yake, ambayo ofisi yetu haina. Racho alilia vizuri mno, machozi pande zote mbili, kisha katikati ya kilio akauliza kama soda itakuwa nyeusi ama ya machungwa. Nilimteua papo hapo. Kufikia Alhamisi jioni nilikuwa na wanne.

Ndipo akaingia Madam Beverlyne, mwalimu wa Gredi ya Sita. Darasa lake lina watoto tisini na mmoja. Wakati wa mapumziko huwasikiliza wenye shida chini ya ukuta wa stoo, kazi ambayo hana barua yake.

"Bwana Gathogo, ulimwona yule ambaye hakuinua mkono?"

"Yupi?"

"Sadiya. Wazazi wake walihama na mifugo wakaenda Biliqo. Yeye ameachwa kwa shangazi yake hapa mjini. Tangu shule ifunguliwe hajasema neno darasani. Mwaka jana ndiye alikuwa ananisahihisha hesabu ubaoni."

"Alama zake zikoje?"

"Ziko juu bado."

"Basi hana tatizo."

"Hali kitu, Bwana Gathogo. Chakula cha mchana anampa mwenzake kila siku."

"Madam, mtoto hakuinua mkono. Ofisi haiwezi kumlazimisha mtu kuwa na huzuni."

Alinitazama kama mtu anavyoitazama boda boda iliyokataa kuwaka mbali na mji. Lakini nafasi moja ilikuwa wazi, na nafasi iliyo wazi hujazwa. Nikamwandika Sadiya, kwa masharti kwamba asiniharibie takwimu.

Ijumaa asubuhi Mkurugenzi Warfa alifika na magari mawili, akasalimia pande zote: salaam aleikum huku, habari zenu kule. Fundi wa mitambo alikuwa amezielekeza spika sokoni, kwa kuwa nguzo imara ilikuwa upande huo. Madalali wa mbuzi wakapata hotuba bure.

"Katika kaunti hii," Mkurugenzi akasema, "tayari tumeweka washauri nasaha hamsini, wako mashuleni wakifanya kazi!"

Bwana Wako alipiga makofi huku akigeuka nyuma kuona kama pengine mmoja wao ameketi pale.

Kisha Mkurugenzi akataka kuonyesha kwa vitendo jinsi mtoto anavyosikilizwa. Alimchagua Sadiya kwa sababu ndiye aliyeenea kwenye picha. Wakakaa vitini uso kwa uso, kipaza sauti kati yao.

"Usiogope, binti yangu. Unalala vizuri usiku?"

Sadiya alikitazama kipaza sauti, asikisogelee. Madam Beverlyne akainuka ili amfuate, nami nikamzuia kwa mujibu wa ratiba. Ndipo yule mtoto akauliza, kwa sauti ndogo:

"Na wewe, unalala?"

"Mimi?" Mkurugenzi akacheka. Kicheko kikamkatikia njiani. "Mimi... silali."

Tukangoja aendelee na hotuba. Hakuendelea na hotuba.

"Watoto wangu nawaona kwa simu tu," akasema. "Kila Jumatatu naulizwa idadi. Nikipeleka ndogo nafokewa, nikipeleka kubwa nasifiwa. Hao washauri hamsini..." Akatoa kitambaa akajifuta macho. "Hawako. Hata mmoja hayuko. Niliwaandika tu."

Nilitafuta swichi ya kuuzima mtambo. Fundi alikuwa amekwenda kunywa chai.

Sadiya akamtazama mzee yule akilia, na hapo akafungua kinywa. "Mama yangu pia yuko mbali. Nikipewa chakula hapa, nawaza kama yeye amekula."

Kule sokoni hata wanunuzi waliacha kubishana. Muda si muda geti likafunguka akaingia Mama Kabale, mfanyabiashara wa mbuzi, fimbo mkononi, na madalali kama kumi nyuma yake.

"Nani mama yake yuko Biliqo?" akauliza. "Lori yangu inaenda huko kesho kuchukua mbuzi. Mtoto na shangazi yake wapande mbele na dereva." Kisha akamgeukia Mkurugenzi. "Na wewe, hao hamsini wako wapi? Sisi tuko na watoto."

Niliandika kwenye kumbukumbu: *maoni ya wadau yalipokelewa*. Fimbo sikuiandika.

Sadiya alikaa Biliqo siku tisa. Aliporudi alikula sahani yake yote, akainua mkono, akamwambia Madam Beverlyne kwamba jibu la ubaoni limepungua tatu. Mwalimu yule, naambiwa, alitoka nje kidogo kabla ya kulisahihisha.

Serikali nayo ilichukua hatua. Madam Beverlyne alipewa barua ya Mshauri Nasaha, akiwa wa kwanza katika kaunti na, hadi ninapoandika, wa mwisho. Mkurugenzi Warfa alihamishiwa Isiolo awatafute wengine arobaini na tisa, na akaagizwa kuhudhuria ushauri nasaha. Mshauri akiwa mmoja, kila Jumanne mzee huja kukaa kwenye benchi ya nje ya stoo pamoja na wanafunzi. Nilipendekeza maafisa wapite kwanza kwa kufuata vyeo. Madam Beverlyne akasema anayewahi ndiye anayeingia.

Jumanne iliyopita nilimkuta Mkurugenzi ameketi karibu na Lul, msichana wa Gredi ya Tatu, magoti ya mzee yamemfika kidevuni kwa ufupi wa benchi. Nikaketi upande wa pili wa Lul.

"Kumbe hata wewe, Gathogo?" Mkurugenzi akaniuliza.

"Hapana, mkubwa. Nimekuja kukagua tu."

Lul alituangalia sote wawili, akasogea kunipisha nikae vizuri.

"Hata huyu mzee alisema hivyo siku ya kwanza," akaniambia. "Ukianza kulia, madam ako na kitambaa."