Winchi ya Kumrudisha Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tisa bila mke wangu. Asubuhi nimetenga vikombe viwili tena, nikanywa vyote. Yuko kwa dada yake, juu ya kile kilima cha udongo mwekundu. Alipoondoka alisema neno moja tu: atarudi siku atakapopata pa kukaa. Miaka mitatu sasa sebuleni kwetu kuna mbao za kochi, bila mito wala kitambaa. Na mimi ni fundi makochi! Mfinyanzi hulia gaeni, nilimjibu. Hakucheka.

Lakini nina mpango. Mvua zinakaribia, na kilima kile kikilowa hakipitiki. Mwanamume akipenya matope kumfuata mkewe, nani atamnyima? Leo Nati, fundi magari jirani yangu, amenifungia winchi, mashine ya kujivuta gari likikwama, mbele ya pikapu yangu. Nami nitamshonea viti vitatu. Kamba ya nailoni, mita ishirini na tano, ndoano nyekundu! Ameniusia: kamba iviringishwe ikiwa imebana, ndoano ifungwe kabla ya safari, jua lisiipige. Nimemwambia najua. Sikujua, ila mtu huyu mkewe humletea chakula kila mchana. Hawezi kuwa na kila kitu.

Jumanne, 4 Machi

Ndoano nimeiacha ining'inie. Watu wajue kuna winchi! Imegonga bampa njia nzima. Kwenye tuta la hospitali ikadondoka, ikapita chini ya gari, kamba ikanifuata nyuma, mimi sina habari. Niliposimama, fundi saa wa mtaani alinifikia akihema, ndoano mkononi. Akauliza kama nimeamua kuhama na mtaa mzima.

Jioni nikaifunga kwenye bampa, nikabonyeza rimoti ikaze. Nati akasema basi, yatosha. Nani kamuuliza? Nikabonyeza tena. Bampa likakunjika, likatazama mawinguni. Nati alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Mke wangu naye angecheka, halafu angenitetea. Namkumbuka mno. Namtamani hata kwa ugomvi.

Alhamisi, 6 Machi

Jua kali. Nati anasema jua huila nailoni polepole, kisha kamba hukatika siku ya shida. Lazima ifunikwe. Nimepekua karakana yote, sikupata cha heshima. Kabatini kuna kitambaa cha kijani chenye maua, alichokichagua mwenyewe kwa ajili ya kochi letu. Bado kinanukia sabuni yake. Nimekaa nacho mapajani muda mrefu.

Kisha nikakata katikati, penye ua kubwa. Ni kwa ajili yake! Mfuko wa winchi, mshono maradufu, vifungo sita. Kabla ya adhuhuri nimemaliza. Sijashona kitu kizuri hivyo tangu tuoane.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua! Nimeondoka nikiimba. Balaa: kilima kimemwagwa kokoto. Hawana kazi nyingine? Nimepanda bila kuteleza hata kidogo. Sasa mtu atamfikiaje mkewe akiwa msafi? Nikatafuta mtaro karibu na geti la shemeji, nikaliingiza gari mwenyewe. Nikapachika ndoano kwenye nguzo ya geti, nikabonyeza. Gari halikutoka. Geti ndilo lililokuja.

Shemeji alipiga kelele, majirani wanne wakaja kunisukuma. Mke wangu akatoka na mwavuli. Amekonda, au ni macho yangu. Geti hakulitazama. Aliugusa mfuko wa winchi, akauliza kama kile ni kitambaa chake. Nikasema ndicho, na vifungo sita. Akauliza nimeushona kwa siku ngapi. Nikajigamba: asubuhi moja tu! Akasema kumbe ni asubuhi moja. Kisha akasema Jumapili atakuja kutazama. Nimshonee mto mmoja wa kukalia, hata kama hauna maua, atabaki.

Atabaki! Nimerudi nyumbani nikiongea peke yangu.

Jumapili, 9 Machi

Jana kutwa nimenyoosha bampa. Arudi akute gari limenuna? Halafu nikaona ndoano iko uchi, nikaishonea nayo mfuko wake kwa kitambaa kilichobaki. Mto nikauahirisha hadi leo. Leo akawahi.

Alifika saa nne, kwa miguu, na mkoba mkubwa wa nguo zake zote. Alisimama sebuleni akizitazama zile mbao. Nilimkaribisha akae. Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Nikamwonyesha mfuko wa ndoano. Akafungua kifungo, akakifunga taratibu, akasema nina mikono mizuri. Halafu akabeba mkoba wake.

Nimemsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona. Nilianza kumkumbuka hata kabla hajafika huko. Nimewaza mchana kutwa, na kosa langu nimeliona: nilimwacha aje mwenyewe. Mke hufuatwa! Na kwa gari kamili, si nusu. Kesho naamkia kwa Nati. Anayo winchi nyingine, ya bampa la nyuma.